Chungu cha Wakisi: kinapika vizuri, ila kinauzwa bila maelekezo yake

Chungu tunachokipima hapa ni kile chenye rangi ya chai iliyozidiwa maziwa, kimechorwa kwa rangi ya ngeu shingoni na mabegani, tumbo lake ni la mviringo na mdomo umepinduka nje kidogo. Kinatoka Ikombe, kijiji cha Wakisi kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa, wilayani Kyela, chini ya Milima ya Livingstone. Wafinyanzi ni wanawake. Vyungu hupakiwa kwenye mitumbwi hadi Matema, na Jumamosi hupangwa kwenye gulio la Lyulilo. Kutoka hapo huenda Kyela mjini, Tukuyu na Mbeya, na vingine husafiri zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam. Kila kinapobadilisha mikono bei hupanda, na huo si ulafi mtupu: kilichofika kizima hukilipia kilichovunjika njiani.

Tuanze na hukumu ili mwenye haraka aondoke nayo. Kwa maharage, makande, kisamvu, mchuzi wa samaki na chochote kinachotaka moto mdogo wa muda mrefu, chungu hiki kinaishinda sufuria ya alumini ya bei yoyote. Kwa kukaanga, kwa chai ya haraka au kwa jiko la umeme la induksheni, usihangaike nacho. Induksheni haikitambui kabisa chombo kisicho na chuma. Kasoro yake kubwa haimo kwenye udongo. Pale Lyulilo anayekuuzia huenda ndiye aliyekifinyanga au ni jirani yake, na ukimuuliza atakueleza namna ya kukiandaa. Kikifika barabarani Dar kimepangwa pamoja na vyungu vya maua, na muuzaji anajua bei tu. Kwa hiyo mnunuzi anakitia motoni kikavu, kinalia "ta!", kisha anaapa kwamba vitu vya asili havifai.

Hata maneno yenyewe yanahama. Ukimtuma kijana wa Dar akalete mtungi, atarudi na wa gesi.

Ili ujue kwa nini chungu kinataka matunzo fulani, angalia kinavyotengenezwa. Udongo wa mfinyanzi ukiwa laini mno hupasuka ukikauka, kwa hiyo lazima uwe na mchanga ndani yake, wa asili au wa kuchanganywa. Sehemu nyingine wafinyanzi hutwanga magae ya vyungu vilivyovunjika wakachanganya unga wake. Chembe hizo ndizo zinazouzuia ufa mdogo usikimbie kutoka upande mmoja hadi wa pili. Chungu hukaushwa kivulini kwa siku kadhaa, kisha huchomwa kwenye moto wa wazi ambao kwa kawaida hufika kati ya nyuzi 600 na 900 za Selsiasi. Ukishapita nyuzi 600 hivi, udongo haurudi tena kuwa tope, hata ukilowekwa mwaka mzima. Lakini moto huo hautoshi kuuyeyusha uwe kama kioo, kwa hiyo ukuta hubaki na vitundu visivyoonekana kwa macho. Udongo wa namna hii huweza kunywa maji kiasi cha asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake. Chungu cha kilo 2, basi, kinaweza kumeza gramu 200 hadi 300 za maji kabla hujaona tone nje. Karibu kila utakachosoma hapa chini kinatokana na vitundu hivyo.

Tumbo la mviringo nalo lina kazi. Chungu kikipata moto hutanuka, na penye kona pana mvutano; chenye kitako bapa hupasukia palepale kitako kinapokutana na ukuta. Mviringo hauna pa kuanzia ufa, tena unakaa vizuri juu ya mafiga. Si mtindo wa jana. Vigae vya karne ya 7 hadi ya 10 vinavyofukuliwa pwani yetu, kuanzia visiwa vya Lamu hadi Unguja Ukuu, vina vyungu vya matumbo ya mviringo yenye pembetatu zilizochorwa shingoni. Siku hizi baadhi ya wauzaji wa mijini huagiza vyungu vyenye kitako bapa ili vikae mezani. Hivyo ni vya kupakulia. Usivitie motoni.

Ukienda kununua, beba chupa ya maji. Dondosha tone moja juu ya ukuta wa nje. Likinyweka ndani ya sekunde chache, udongo uko wazi na chungu ni cha kupikia. Likibaki limesimama kama kwenye kioo, kimepakwa vanishi au rangi ya mafuta ili king'ae. Hicho kiwekee maua. Usichanganye mng'ao huo na ule wa kusuguliwa kwa kokoto laini kabla ya kuchomwa, ambao ni wa halali: umetulia, haunuki kitu, na tone hunywewa hata kama kwa kuchelewa kidogo. Kisha kiinue kwa vidole vya mkono mmoja ulivyovitia ndani ya mdomo wake, na ukigonge ubavuni kwa kifundo cha kidole cha mkono wa pili. Kizima hulia kama kengele ndogo. Chenye ufa, au kilichochomwa nusunusu, hutoa sauti nzito iliyokufa, kama kugonga boga.

Angalia pia chembe nyeupe zenye vishimo kuzizunguka. Hizo ni punje za mawe ya chokaa zilizobaki kwenye udongo. Motoni zinageuka chokaa hai, zikishapoa zinanyonya unyevu wa hewa, zinavimba, na kuung'oa udongo ulio juu yake. Chungu kinaweza kutoka gulioni kikiwa kisafi na wiki mbili baadaye kikawa na ndui. Kimoja au viwili kwa nje si neno, lakini vikiwa ndani, chini, panapokaa moto, kirudishe. Mabaka meusi kwa nje hayana ubaya. Ni mahali kuni ziligusa au hewa haikufika. Mwisho kijaze maji, kiweke juu ya ngata, subiri dakika 15. Jasho jembamba lililoenea kote ni sahihi. Mstari wa maji unaoteremka kutoka sehemu moja ni ufa, na hakuna uji utakaouziba kwa muda mrefu.

Sasa kazi ambayo haiandikwi popote: kukizoesha moto. Vipimo hivi ni vya chungu cha lita 3. Kipanguse vumbi, usitumie sabuni. Kizamishe kwenye beseni la maji kwa saa 12. Mwanzoni vitapanda viputo vidogo, hiyo ni hewa inayotoka kwenye vitundu. Kitoe, kifute, kiache kivulini saa mbili tatu. Koroga gramu 150 za unga wa mahindi kwenye lita 2 za maji baridi ukiwa bado hujawasha chochote, umimine ndani, kisha ukiweke juu ya moto mdogo kabisa. Uji usichemke kabla ya dakika 40. Ukichemka mapema, moto wako ni mkali. Uache utokote taratibu kwa saa nzima. Kwa nje utaona vijasho vinatoka na kukauka, vikiacha madoa meupe. Huo ni wanga unaopita kwenye vitundu na kugandia humo, ndicho unachokitaka. Zima moto, acha uji upoe humohumo hadi asubuhi, umwage, ukwangue uliogandia kwa mwiko bila kusugua. Paka vijiko 2 vya mafuta ya nazi ndani na mdomoni, ukianike juani mchana mmoja.

Wengi hugeuza mpangilio huo, wakaanza na mafuta kwa sababu ndivyo wanavyofanya kwa kikaango cha chuma. Matokeo ni mabaya mara mbili: mafuta yanauzuia wanga usiingie, na yenyewe yakikaa ndani ya ukuta huchacha. Chungu kinachonuka mafuta ya zamani kila kinapopata joto kimeharibiwa siku ya kwanza. Mlo wa kwanza uwe wa wanga au kunde: maharage, mihogo, viazi. Ukianza na samaki, harufu itakaa miezi.

Kuhusu moto. Juu ya mkaa, subiri makaa yashike majivu meupe, yasambaze kando yawe kama pete, weka chungu kikiwa tayari na kimiminika angalau theluthi moja. Yasogeze chini yake baada ya dakika 10. Gesi ni kesi nyingine, na haiwezi kupuuzwa: Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unalenga kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ifikapo 2034. Chungu ambacho hakiwezi kukaa kwenye gesi kitabaki pambo la sebuleni. Shida ya gesi ni mbili: mwali huchoma duara moja dogo huku sehemu nyingine ikiwa baridi, na tumbo la mviringo huyumba juu ya vyuma vya jiko.

Fundi wa kuchomelea anaimaliza shida hiyo kwa vipande viwili. Cha kwanza ni bati la chuma la unene wa milimita 3, kipenyo kisichozidi sentimita 20, linalolazwa juu ya jiko ili mwali usikiguse chungu. Likizidi hapo joto hurudi chini kwenye vitasa na mpira wa gesi, na hiyo ni hatari kweli. Cha pili ni pete ya nondo ya milimita 8 yenye kipenyo cha sentimita 12 hivi na miguu mitatu mifupi, ya kukalisha tumbo. Washa jiko dogo kwenye kiwango cha chini kwa dakika 10 ndipo upandishe hadi nusu, usivuke hapo. Ndiyo, unaanza taratibu na unatumia gesi zaidi mwanzoni kuliko kwa sufuria. Atakayekuambia chungu kinaokoa nishati tangu dakika ya kwanza anakudanganya. Faida inakuja mwishoni.

Chukua mfano wa maharage. Gramu 400 yaliyolowekwa usiku, maji mapya lita 1.5, moto mdogo. Yakibakiza kiini kigumu kidogo, zima jiko, funika, yaache dakika 25. Ukuta mnene uliojaa joto utaendelea kuyapika, na yataiva bila kuvurugika maganda. Chumvi tia mwishoni. Ukihitaji kuongeza maji, yawe ya moto, kutoka kwenye birika lililo kando. Maji ya bombani juu ya chungu kinachotokota ndiyo sababu ya kawaida kabisa ya kupasuka. Tui zito ulitie baada ya kuzima, kwa sababu chungu kitachemka bado kwa dakika kadhaa, na tui linalochemka kwa nguvu hukatika.

Mchuzi wa samaki wenye ukwaju au ndimu ndio mahali chungu kinapojitenga na alumini. Asidi huila alumini na kuacha ladha ya chuma mdomoni, udongo haujali. Tena sufuria zinazosubiwa mitaani kwa mabaki ya injini na vyuma mchanganyiko zimepimwa katika nchi kadhaa za Afrika na kukutwa zikiachia madini ya risasi, ambayo ni sumu, kwenye chakula chenye asidi. Chungu kisichopakwa kitu hakina rangi ya kioo, ile inayong'arisha vyombo vya udongo, basi hakina risasi ya rangi hiyo. Hii ni sababu nyingine ya kulifanya lile jaribio la tone la maji.

Wali hutoka vizuri ukipalia: mchele nusu kilo, maji yakikauka punguza moto wa chini hadi makaa mawili matatu, weka mfuniko wa bati, palia makaa machache juu. Ukoko wake ni mwembamba na umeenea sawasawa. Usiung'oe kwa kijiko cha chuma. Mimina maji ya uvuguvugu, uache nusu saa. Kwa kukoroga tumia mwiko wa mti na upawa wa kifuu. Pigo moja la kijiko cha chuma mdomoni mwa chungu, pale mpishi anapokung'uta mchuzi, ndilo linaloanzisha nyufa nyingi. Na ukikiepua, kikalishe kwenye ngata ya majani makavu au kitambaa. Sakafu ya saruji iliyolowa ni maji baridi kwa jina jingine.

Mtungi wa maji una sheria kinyume kabisa, na hapa ndipo hata watu wazima hukosea. Chungu cha kupikia tunakiziba vitundu. Mtungi tunavihitaji viwe wazi, kwa kuwa maji yanayopenya nje na kukauka hewani ndiyo yanayoondoka na joto. Kushusha lita 15 kwa nyuzi 5 kunahitaji maji yasiyopungua mililita 130 yageuke mvuke, na kwa kuwa joto la nje linaingia muda wote, utapoteza zaidi ya hapo. Kwa hiyo usiupikie uji, usiupake mafuta, na usikubali uliopigwa vanishi. Uweke kivulini penye upepo, juu ya mchanga unyevu. Dodoma wakati wa kiangazi utakunywa maji baridi kweli. Tanga au Dar wakati wa masika, hewa ikiwa imeshiba unyevu, tofauti ni ndogo, na huo si ubovu wa mtungi. Maji ya kisima yenye chumvichumvi huacha ukoko mweupe nje na kuuziba polepole. Usugue kwa makumbi ya nazi na maji, kila mwezi, nje na ndani. Pwani wapo wanaoufukiza kwa ubani kabla ya kuutia maji: mtungi mkavu hugeuzwa juu ya chetezo kwa dakika chache, na vitundu hivyohivyo hushika harufu. Na kwa kuwa mtungi hausafishi maji, uyachemshe au uyatibu kwanza.

Vitundu pia ndivyo vinavyokataza sabuni. Sabuni ya unga huingia ukutani na kutoka kwenye mchuzi wa kesho. Chungu huoshwa kwa maji ya moto, jivu lililochekechwa na makumbi, kisha hukaushwa kikiwa wazi. Kikifunikwa kikiwa na unyevu huota ukungu ndani ya siku chache. Hapo kianike juani siku mbili, chemsha maji yenye ndimu, urudie ule uji tangu mwanzo. Chungu kinachotumika kila wiki hakina tatizo hili, na ukuta wake huwa mweusi na mgumu kupenyeza zaidi kila mwezi. Anayekitoa kabatini kwa ajili ya wageni tu atakiona kibaya siku zote.

Mwaka 2012 UNESCO iliuingiza ufinyanzi wa wilaya ya Kgatleng, Botswana, kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Heshima hiyo ni njema, lakini mfinyanzi huendelea kufinyanga pale tu ambapo mnunuzi wa mwaka jana amerudi, na mnunuzi ambaye chungu chake kilipasuka siku ya kwanza harudi. Wauzaji wa Mbeya na Dar wangefunga kikaratasi shingoni chenye sentensi nne: loweka saa 12, pika uji kabla ya chochote, usikiweke kikavu motoni, usiongeze maji baridi. Gharama yake haifiki bei ya mfuko wa kubebea. Hatujaona sababu ya maana ya kutofanya hivyo, zaidi ya kwamba anayeuza naye hakuambiwa.

Wakati wa kukisafirisha, jaza nyasi au nguo ndani, kifunge kwa nje kwa majani makavu ya migomba au blanketi, na kikae mapajani. Kwenye buti la basi hakifiki.

Ufa mwembamba ukitokea ukutani, juu ya usawa wa chakula, pika uji mzito mara moja, uendelee kukitumia ukiuangalia. Ukishuka hadi tumboni, kistaafishe. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, na gae si la kudharauliwa: kipande kikubwa cha kitako ndicho kikaango bora cha karanga. Tia vikombe 2 vya mchanga safi wa mtoni uliochekechwa, upashe moto hadi tone la maji liruke, mimina karanga kikombe kimoja, geuza bila kuacha kwa dakika 8 hadi 10. Toa moja, ipoze, ivunje. Ikilia na ndani ikiwa na rangi ya mchanga wenyewe, chekecha haraka, maana mchanga utaendelea kuzikaanga hata moto ukiwa umezimwa.